Mdomo wa Darubini Tuliyoipeleka Rungwa

Vijana mliobaki ghalani Manyoni mmenitania miaka mingi kwamba mzee Ntandu, kabla ya kuifunga darubini juu ya bunduki, huinyoosha mbele ya uso wake kwa urefu wa mkono na kuitazama kama mtu aliyeletewa barua ya posa. Siku niliyokabidhi funguo mlitaka niseme sababu, na mimi nikasema tu asanteni. Sasa niko nyumbani Ikungi, nina kiti cha uvivu na kuku wasiosikia la mtu, nafasi ninayo. Nitaeleza.

Kwanza mjue mimi ni mwoga. Wenzangu walikuwa wawindaji, walilala porini na kusimama mbele ya tembo. Mimi nilikuwa fundi wa bunduki zao, na kazi ya fundi ni kuogopa mapema ili mwindaji asiwe na sababu ya kuogopa baadaye. Parafujo iliyolegea ilinikosesha usingizi. Mke wangu alizoea kuniona naamka alfajiri kurudi ghalani kukaza kitu nilichokwisha kukikaza jana.

Niliingia kazini enzi ya Mwingereza, nikitoka kutengeneza baiskeli na cherehani. Mzungu msimamizi wa wanyama wa porini watu walimwita Bwana Nyama, nasi tukaiita hivyo hata idara yake nzima: askari wa Bwana Nyama, ghala la Bwana Nyama. Siku ya kwanza fundi mkuu, Mzee Saidi, aliyekuwa amefanya kazi ya silaha jeshini, alinipa bunduki moja akaniambia nitafute ubovu wake. Niliifungua, nikaifunga, nikaifungua tena. Jua lilipokuwa linateremka nilikuwa nimelowa jasho, sijaona kitu, nikijua kesho nitarudishwa kwenye baiskeli.

"Shikamoo mzee," nilimwambia, ingawa nilikwisha kumwamkia asubuhi. "Sioni ubovu."

"Marahaba. Haina ubovu," alijibu. "Leo umejua nzima ilivyo. Kesho nitakupa mbovu."

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mkali kwa vitu na mpole kwa watu, na mafuta ya bunduki hakuyamimina, aliyapaka kwa unyoya wa kanga. Somo lake kubwa lilikuwa shavu. Mtu akilenga, shavu lake sharti lilale kwenye kitako cha bunduki, pale pale kila mara, kama kichwa kwenye mto wake. Shavu likielea hewani, jicho linahama, na risasi inahama nalo. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," alikuwa akisema, na akimwona askari ameinua kichwa alimgonga kisogoni kwa kipini cha bisibisi. Kwa sababu hiyo alizichukia darubini zenye kioo kikubwa cha mbele. Kioo kikubwa hakipiti juu ya mtutu mpaka darubini nzima iinuliwe kwa miguu mirefu, na ikiinuliwa, shavu linabaki halina pa kulala.

Somo la pili ndilo lile mnalonitania. Elekeza darubini kwenye mwanga, iweke mbali na jicho, nawe utaona kwenye kioo cha nyuma kiduara cha nuru. Huo ndio mwanga wote utakaoingia jichoni mwako. Kuujua upana wake ni hesabu ya darasa la tatu: chukua upana wa kioo cha mbele, ugawanye kwa mara inazokuza. Darubini inayokuza mara nne yenye mdomo wa milimita ishirini itakupa kiduara cha milimita tano. Mchana hiyo inatosha na kubaki, maana mboni ya jicho juani ni kama tundu la sindano ya gunia. Jioni mboni hufunguka, ya kijana hufika kama milimita saba, ya mzee kama mimi leo haifiki. Kwa hiyo mdomo mwembamba jioni unampunja kijana, na mdomo mpana kupita kiasi ni mzigo wa bure. "Nuru inayozidi jicho inakuangukia shavuni," alisema Mzee Saidi, "na shavu halioni."

Nimefunga darubini nyingi baada ya hapo. Wako mabwana waliokuja Itigi na darubini zenye mdomo kama kikombe cha chai, wakaingia nazo kwenye vichaka vile ambavyo hata mbuzi hupita kwa kuomba radhi, wakatoka na vikombe vimejaa majani. Yuko mmoja aliyenilalamikia kwamba yake haionyeshi kitu, nikamwondolea kifuniko. Lakini jambo la Rungwa ndilo lililonifanya niwe nilivyo, na nitalisema lote.

Habari ilikuja kwamba kule Rungwa kuna simba anachukua warina asali. Alikwisha kumchukua mwanamke mmoja njiani kutoka kisimani, kisha kijana Hamisi, mtoto wa Mzee Kasanda, akiwa kwenye mizinga yake ya nyuki. Mchana hakuonekana. Alikuja wakati wa magharibi, kanga wakishapanda mitini na kunyamaza, katika ule mwanga kidogo ambao mtu anaona kivuli na hajui ni cha nini. Watu walikuwa wameacha kwenda kwenye mizinga, na msimu wa asali ulikuwa umefika.

Bwana Nyama mwenyewe alikuwa njiani kuwafuata tembo waliokuwa wanamaliza mashamba upande mwingine. Alimchagua askari Mwiru aende Rungwa, akaniambia nifuatane naye, maana barabara ile inatikisa darubini mpaka inasahau inakotazama. Ghalani zilikuwapo mbili, zote zikikuza mara nne. Moja mdomo wake ulikuwa milimita ishirini, nyembamba kama filimbi. Ya pili ilikuwa na thelathini na sita.

"Mtaamua ninyi," Bwana Nyama alisema. "Ninyi ndio mtakaokaa pale."

Basi usingizi ukaniaga. Mwiru hakuwa askari tu kwangu. Alikuwa mume wa Maria, mdogo wangu, na baba wa wapwa zangu wanne. Alikuwa mtu mtulivu mpaka anaudhi. Ukimwambia nyumba inaungua angeuliza upande gani. Jioni ile Maria alinifuata ghalani, akaziona zote mbili mezani.

"Kaka, mpe hiyo yenye jicho kubwa."

"Jicho kubwa lina miguu mirefu, Maria. Shavu lake litaelea, atapiga juu."

"Mimi sijui shavu. Nataka aone kinachomjia."

Mzee Saidi alisema mdomo mwembamba, na hakutaka mjadala. Nilimwomba kitu kimoja tu, tuzijaribu katika mwanga ule ule wa simba. Alikubali. Nilitoa bolti ya bunduki mwenyewe nikaitia mfukoni, kwa hiyo bunduki haikuweza kulia hata kwa uchawi. Kisha nilikwenda ukingoni mwa kichaka nyuma ya ghala, nikajifunika ngozi ya ng'ombe, nikachuchumaa. Nilipofika niliipapasa bolti. Nilipochuchumaa niliipapasa tena. Mwiru alikaa na Mzee Saidi kwa umbali wa kulengea, na darubini nyembamba juu ya bunduki.

Kanga walipokuwa bado wanapiga kelele Mwiru alipaza sauti, "Nakuona shemeji, unajikuna!" Tukacheka. Kanga wakapanda, wakanyamaza. Nilingoja. Mdomo wa bunduki sikuuona, ila nilijua umenielekea.

"Sasa unaona nini?" Mzee Saidi alimwuliza.

"Mnyama," alisema Mwiru. "Ameinama. Bega lake lile pale."

"Ungepiga?"

"Ningepiga."

Alisema hivyo kwa utulivu wake ule ule. Mkono wangu ulikuwa tayari mfukoni, umeibana bolti mpaka ikaniachia alama. Sikupenda kula usiku ule, na Mwiru, nadhani, hakupenda pia, maana alinitumia Maria na bakuli la maziwa.

Kesho yake tulirudia na ile ya mdomo mpana. Kanga walinyamaza, nikangoja kama jana, ila jana nilikuwa mjinga na leo nilikuwa najua. Sauti ya Mwiru ikaja: "Huyo ni mtu. Naona mkono wake. Umeshika mfuko wa suruali." Na kweli nilikuwa nimeushika.

Mzee Saidi aliitazama darubini ile kama mkwe asiyempenda aliyekuja na ng'ombe wazuri. "Kuona ameona," alisema. "Lakini shingo yake iko kama ya twiga. Atapiga mawingu, halafu simba atakuwa juu yake."

Hapo alisema kweli. Nililala nikiwa na mawazo mawili, moja likisema asipoona ataua mtu, la pili likisema akiinua shavu atauawa. Asubuhi nikamwambia Mzee Saidi kwamba kama darubini haiwezi kushuka, basi kitako kiinuliwe. Nilikata ngozi, Maria akaishona juu ya kitako, akaijaza vitambaa mpaka ikawa mto mdogo mgumu. Kwetu wanawake wanajua kushona ngozi, na mishono yake haikufumuka mpaka bunduki ile ilipopelekwa mnadani. Mwiru alilaza shavu, nikasimama mbele yake nikaliona jicho lake limekaa katikati ya kioo bila kulitafuta. Mzee Saidi alimbonyeza kisogo kwa kidole, kichwa hakikusogea. Akaguna, akaenda zake kunywa chai. Kwa Mzee Saidi hiyo ilikuwa baraka.

"Hiyo ndiyo itakayomrudisha?" Maria aliniuliza.

Nilimwambia ndiyo. Ningemwambia nini?

Kutoka Manyoni, kupitia Itigi, mpaka Rungwa niliipakata bunduki kwenye lori kama mtoto mwenye homa. Kila shimo nililihisi kwenye parafujo. Tulipofika tulikwenda mbali na kijiji, nikachora alama kwenye kichuguu, Mwiru akapiga. Risasi ilikwenda kushoto. Nilirekebisha, ikaenda kushoto kidogo. Nilirekebisha tena ikakaa. Mzee Kasanda, aliyekuja kutupokea, alisimama pembeni akiwa amejitanda shuka, akauliza kwa upole kama serikali imetutuma kuua vichuguu.

Alikuwa mtu mrefu, mkavu, macho yake mekundu. Alituonyesha mahali mwanawe alipochukuliwa, kwenye miti yenye mizinga, karibu na kisima cha mchanga. Simba alikuwa akirudi pale pale. Tulijenga ulingo wa miti minne tukamfunga mbuzi mbele yake. Mzee Kasanda alikataa kubaki kijijini. Alisema kila aliye hai nyumbani kwake amekatazwa kutoka jioni, na yeye mwenyewe atakaa juu na sisi, amwone huyo aliyemlia mtoto akianguka. Mwiru hakupenda, lakini nani angemkatalia mfiwa?

Jioni ya kwanza hakuja kitu. Jioni ya pili upepo ulikuwa wetu, ukitujia kutoka upande wa mizinga. Kanga walipiga kelele zao, wakapanda, wakanyamaza. Mbuzi alilia, kisha naye akanyamaza, akasimama masikio mbele, akitazama upande wa mizinga. Pale ukingoni palikuwa na kitu cheusi, kifupi, kinachokwenda kidogo na kusimama, kinachokwenda kidogo na kusimama. Kwa macho yangu matupu kilikuwa simba. Mngeniapisha ningeapa.

Mzee Kasanda alimshika Mwiru bega. "Huyo," alinong'ona. "Huyo huyo. Piga, mwanangu."

Mwiru alilaza shavu kwenye mto wa Maria. Nilimwona kidole kinaingia kwenye kifyatulio. Kichwani mwangu zikapita parafujo zote, moja moja, na kila shimo la barabara. Nikawaza mto umeingiwa na umande. Nikawaza kioo kimeshika vumbi, maana nilikifuta mchana na sikukifuta tena. Mwanga ulikuwa unakwisha kama maji kwenye mtungi uliotoboka.

"Piga!" Sasa Mzee Kasanda hakunong'ona. Machozi yalikuwa yanamtiririka. "Unangoja nini? Ataondoka! Ndiye aliyemla mwanangu, piga!"

"Subiri, mzee," alisema Mwiru.

Kile kitu kilisimama tena, kikainama zaidi, kama mnyama anayejikunja kabla ya kuruka. Niliona hata mimi. Moyo uliniambia shemeji yangu ameganda, nikawaza Maria nitamweleza nini.

Mwiru alitoa kidole kwenye kifyatulio, akakinyoosha pembeni. "Ana mkono," alisema.

"Nani ana mkono?" nilimwuliza.

"Huyo. Ameshika kibuyu."

Mzee Kasanda aliliachia bega la Mwiru. Kisha aliita, kwa sauti ambayo haikuwa kubwa hata kidogo: "Ramadhani?"

Kutoka kule gizani sauti ya kijana ikajibu, "Naam, baba."

Alikuwa mwanawe wa pili, aliyebaki. Kwao mrina asali akifa kabla ya kurina mizinga yake, mtu wa damu yake hurina mzinga mmoja, na asali ya kwanza huimimina pale alipofia, jua likishazama, bila kuaga wala kusemeshwa na mtu. Baba alikataza watu kutoka mpaka simba afe. Kijana alijua tuko ulingoni, ila aliona msimu unapita na kaka yake hajapata chake. Akajifunika ngozi kwa ajili ya nyuki, akaja akinyata kwa sababu naye alikuwa anamwogopa simba, na alikuwa akisimama kila hatua chache kusikiliza. Kule kuinama kwa mwisho ndiko alikokuwa anaanza kumimina.

Nilidhani Mzee Kasanda atamchapa. Alishuka ulingo, nasi tukashuka nyuma yake, Mwiru akageukia kichaka na bunduki yake, maana simba hakuwa amesahau njia. Mzee alimfikia mtoto, akamshika kichwa kwa mikono yote miwili, akamwachia.

"Maliza ulichokuja kufanya," alisema.

Tulisimama kumzunguka mpaka asali ikaisha kwenye kibuyu, tukarudi kijijini tumebanana kama kondoo. Mimi nilikuwa nalia, na sikujificha.

Simba alikufa siku chache baadaye, pale pale, jioni kama ile, kwa risasi moja nyuma ya bega. Watu waliimba na kumbeba Mwiru. Hiyo ndiyo hadithi watu wanayoipenda, na ndiyo sababu wengi wenu mlidhani ile darubini ni maarufu kwa kuua.

Asubuhi tuliyokuwa tunapanda lori, Mzee Kasanda alikuja kumwona Mwiru. Alimwomba risasi.

"Simba amekufa, mzee," Mwiru alimwambia. "Risasi ya nini?"

"Ile," alisema. "Ile niliyokuamuru uipige."

Mwiru alikuwa ameitoa kwenye bunduki jioni ile ya Ramadhani na kuitia kwenye mfuko wake wa shati, hakuichanganya na nyingine. Kisheria hakuwa na ruhusa ya kuigawa. Aliitoa akampa kwa mikono miwili. Mzee aliifunga kwenye pembe ya shuka yake, akakaza fundo, akatuaga.

Manyoni, Maria alimpokea mumewe mlangoni kwa kuubonyeza kwanza ule mto kwenye kitako, kuona kama umekaa, ndipo akamtazama usoni. Kesho yake tulisimama mbele ya Bwana Nyama. Kila risasi ilitakiwa irudi, au isemwe ilikokwenda. Aliridhika na ile ya simba, aliridhika na za kichuguu, ingawa alinitazama kidogo. Kisha akaona moja inapungua.

"Na hii nyingine?" alimwuliza Mwiru. "Ilikuwa ya nani?"

"Ya Ramadhani, bwana," Mwiru alijibu. "Baba yake ameichukua."